Kanda Tatu za Agosti na Jina la Mama

Highfield, Harare
21 Agosti 1993

Shangazi yangu kipenzi,

Hujambo? Mume wako hajambo, na kuku je? Sisi wazima kupita kiasi! Miezi miwili ya ndoa, na bado nikisikia Zivanai anafungua mlango moyo wangu unaruka.

Shangazi, Agosti hii muziki umefurika! Kanda tatu mpya zimenipagawisha. Ya tatu kwa uzuri ni ya bendi ya Hwiza Jets: besi inatembea kama mtu aliyeshiba sadza. Ya pili ni ya dada wawili wa Mutare, mlio wa mbira na sauti zao tu. Niliisikiliza nikipiga pasi, nikaunguza kola ya shati la mume wa watu. Ya kwanza (usicheke!) ni ya Zivanai wangu. Sipendelei, ndivyo ilivyo! Upande wa pili kuna wimbo ambao gitaa linaingia polepole, halafu linakimbia, nami nacheza na ufagio. Unaitwa "Sekesai". Nilimsimulia habari za msichana wa jina hilo aliyecheza ngoma ya mavuno mpaka wapigaji wakachoka kabla yake. Sikumwambia kuwa ni Mama. Nataka Mama ausikie redioni ashangae! Jumapili ya tarehe 5 tunakuja kwake, mara ya kwanza tangu harusi.

Mwanao mwenye furaha,
Shuvai


Gutu
27 Agosti 1993

Shuvai mwanangu,

Salamu zimefika. Kuku wazima, mume wangu anaumwa uvivu tu.

We mtoto, ndoa imekula akili? Mkwe hathubutu hata kumpa mama mkwe mkono, wako anamwita kwa jina mbele ya nchi nzima! Jumatano tulikuwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, redio ya mama yako ikaanza: "Sekesai, zungusha kiuno, Sekesai!" Mtangazaji akamtaja mwimbaji. Mama Chenjerai akauliza kwa sauti, "Ee, huyu si mkweo?" Mama yako akainuka, akabana redio kwapani, akaondoka. Tangu siku hiyo hajibu hata salamu yangu. Msije mpaka niwaambie.

Shangazi yako, aliyechoka kukutetea


Highfield
1 Septemba 1993

Shangazi yangu,

Nakusalimu nikilia, ila mwili hauna neno. Zivanai hakujua! Kwake yeye mama mkwe ni "ambuya" tu, na nyumbani hakuna anayelitaja jina la Mama. Angelijulia wapi? Nilipomwambia aliweka gitaa chini kama limemchoma. "Shuvai, umeniua," akasema. "Nimemwambia ambuya azungushe kiuno!" Nikacheka, Mungu anisamehe, naye akacheka, halafu akajishika kichwa.

Tangu hapo hajagusa gitaa. Anasema ambuya akitaka wimbo ufe, atazunguka madukani kukusanya kanda moja moja. Ndio wimbo wake bora, Shangazi, na yuko tayari kuuzika. Nampenda mpaka naona haya. Nenda kwa Mama. Mwambie kosa ni langu, na umwulize anataka nini.

Mwanao,
Shuvai


Gutu
6 Septemba 1993

Shuvai wangu,

Hamjambo nyote wawili? Mimi mzima, miguu tu ndiyo inauma kwa ajili yenu.

Nilipiga hodi, kimya. Nikazunguka hadi jikoni. Mama yako alikuwa mkekani anamenya karanga, kanda ya mkwewe inalia, ameagiza dukani! Hakuizima. "Kaa, wifi," akasema. "Sikiliza gitaa linapoanza kukimbia."

Nikamwambia mkwe yuko tayari kuufuta wimbo.

"Afute nini?" akanikaripia. Kisha akasema taratibu, "Miaka ishirini na minne mimi ni Mama Shuvai. Tangu mama yangu azikwe, hakuna aliyeniita Sekesai. Pale kanisani machozi yalikuja, na sikutaka Mama Chenjerai ayaone."

Kosa ni kosa, anasema. Zivanai alete jogoo, amkabidhi kupitia kwangu, apige magoti nje ya mlango na asimtazame. Njooni Jumapili hii, tarehe 12.

"Na gitaa?" nikauliza.

"Alilete. Yeye apige uani, mimi nitakuwa jikoni."

"Na hilo jina?"

Akamenya karanga tatu, nne.

"Mwambie asithubutu kulitamka tena popote. Kwenye wimbo tu."

Shangazi yako