Mzigo wa Viberiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimepika uji wa watu watatu. Tena. Tuko wawili tangu Agosti, Baba Kabula alipofariki. Fungu lake nimempelekea jirani, Mama Rehema. Akacheka: "Mwenzio nimefunga, au na hilo umesahau?" Nikacheka na mimi. Kisha nikakaa.

Kabula ametoka bila kunywa kitu. Anajifunza udereva wa treni za mizigo, kazi ya baba yake. Wiki iliyopita alivuta kwa pupa, kiungo cha mabehewa kikakatika palepale yadi. Ijumaa anajaribiwa tena. Akikata kingine, hapewi treni. Naogopa kuliko yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Wenzake wanamwita Mkata Minyororo. "Wananiuliza panga nimeliacha wapi, mama." Alisema akitabasamu. Hakula.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua begi la marehemu. Sikuwa nimeligusa tangu mazishi. Kofia. Kikombe cha bati. Na viberiti vyake, vimefungwa uzi kimoja nyuma ya kingine. Alikuwa anatia maharage ndani na kuvivuta mezani ili Kabula, alipokuwa mdogo, ale. Kijiko kimoja, treni inasogea.

Niliwahi kumuuliza marehemu kichwa cha treni kinaweza kuvuta mzigo kiasi gani. Akasema inategemea. Tambarare, mwingi sana. Mlimani unapungua. Reli ikilowa unapungua zaidi, magurudumu yanateleza. Na hakuna kichwa kinachoamsha mzigo wote kwa mara moja. Kwanza kinarudi nyuma kidogo, viungo vilegee. Kisha kinaondoka taratibu. Behewa la kwanza linaamka, linaamsha la pili, mpaka la mwisho.

Kabula alipoviona alikaa mezani. Akavuta. Vikaja kirahisi. Tulipofungua, maharage yalikuwa unga mtupu, wadudu wameyamaliza.

"Tia mengine, mama. Vitupu hata paka anavuta."

Nikatia. Akavuta. Uzi ukakatika.

"Darasani haya yote nayajua," alisema. "Mkono ndio haujui."

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nzima yeye anakata, mimi nafunga. Alikasirika, akatoka nje, akarudi. Mara ya mwisho alivirudisha nyuma kwanza, kidogo tu, kisha akavuta. Uzi haukukatika. Nilikwenda kusonga ugali.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nilipanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba, yadi inaonekana vizuri kutoka pale. Mama Rehema akanifuata na mwavuli. "Ukiteleza hapo, uji wangu atapika nani?"

Treni ndefu, mabehewa matupu yapo mbele, yenye makontena nyuma. Honi. Kimya. Nikaona kichwa kinarudi nyuma. Kidogo sana. Halafu ko, ko, ko, mlio ukakimbia kuelekea mkiani, behewa moja baada ya jingine. La mwisho likatikisika. Likaondoka.

Kwenye mlima magurudumu yalilia. Nilimshika Mama Rehema mkono mpaka akapiga kelele. Ngurumo ya injini ikawa nzito, nikadhani inazima. Haikuzima. Treni ikazunguka nyuma ya mawe, nisiione tena.

Mchana ujumbe umeingia kwenye simu: "Mama tumefika juu. Sijaacha hata behewa moja."

Nimelia. Kilio kizuri.

Jumapili, 9 Machi

Tumetoka kanisani, Kabula amelala. Wamempa treni za mizigo, dereva mkubwa akikaa pembeni yake kwa sasa. Kofia ya baba yake ni kubwa kwake. Nitaipunguza.

Asubuhi nilipika uji wa watu wawili. Haukubaki. Imeniuma, lakini si kama zamani.

Sasa napanga sahani. Viberiti bado viko katikati ya meza. Nimevirudisha nyuma kidogo, nikavuta kwa kidole kimoja mpaka pembeni. Vimekuja vyote.