Redio Inayosema "Vizuri Sana"

Mpendwa Mama Margaret,

Mimi ni mwalimu wa darasa la saba katika shule moja juu ya Voi na nakuandikia nimechoka moyo, maana tangu Mei wazazi walipochanga wakanunua redio ya masomo, hedmasta wetu Thadeus alitangaza kwamba hesabu sasa itafundishwa na Nairobi, na kazi yangu ikabaki kuanika betri juani zipate nguvu na kukaa nyuma nikifuma sweta, na sitakuficha, mwanzoni nilifurahi. Shida ni kwamba redio huuliza swali, hunyamaza kidogo watoto wajibu, kisha husema, "Vizuri sana, watoto," ikaendelea na mengine, na juzi ilipouliza saba mara nane, msichana mmoja, Mbithe, alipaza sauti kuliko wote, "Hamsini na nne," akasifiwa, nami nikasimama nikamwambia ni hamsini na sita, akaniangalia kwa huruma akasema, "Mwalimu, redio imekubali."

Kesho yake mama yake, Nduku, alifika ofisini akasema mwanawe amesifiwa na Nairobi, itakuwaje apingwe na mtu wa Mwatate tu kama mimi, hedmasta akaitikia kwa kichwa, na sasa ameniamuru Jumatatu nisimame mbele ya darasa niombe radhi, kwa mtoto na kwa redio, la sivyo ataandika barua niondolewe, na mtihani ni Novemba, Mama, nikiomba radhi watoto arobaini wataingia na hamsini na nne yao, nikikataa sina kazi. Nifanye nini?

Wakio, Voi, Septemba 1974

Mwalimu Wakio,

Pole, lakini pole yangu ni nusu. Redio haina kosa, haijawahi kukuambia kwamba inasikia. Kile kimya baada ya swali watu wa Nairobi walikiacha kwa ajili yako, usikie nani amekosea umrekebishe papo hapo. Wewe ulikuwa unahesabu mishono. Ukimwachia mgeni jiko miezi minne, usishangae watoto wakimwita mama.

Hedmasta wako namwelewa. Amepata mwalimu asiyeomba likizo, asiyemjibu, na akichoka anaanikwa. Bwana mkubwa gani hatampenda huyo?

Sasa usibishane naye. Jumatatu mwombe aje darasani, na Nduku umkaribishe, umpe kiti cha mbele. Watoto uwe umeshawaambia: likija swali, mtu asifungue mdomo. Washa redio. Itauliza, darasa zima litanyamaza, nayo itawaambia, "Vizuri sana, watoto."

Usiongeze neno. Mwache Nduku amtazame hedmasta. Kisha zima redio, watoe watoto nje wapange mawe mafungu saba, kila fungu mawe manane, wayahesabu wenyewe. Hedmasta akiandika barua baada ya hapo, nawe andika yako kwa afisa wa elimu, na Nduku atie sahihi.

Radhi bado iko juu yako, ila si kwa redio. Mwombe Mbithe, kwa miezi minne uliyomwacha na kitu kisichomsikia.

Mama Margaret