Motokari Yangu ya Jua na Muhogo wa Mama Ngalula

Likasi, Jumamosi, mwisho wa Oktoba 1994

Joto limekaa juu ya mji kama mama mkwe aliyesema anakuja kwa siku mbili. Mawingu yanapita upande wa Buluo, yananguruma kidogo, yanakwenda zao. Hata mvua imechoka kufanya kazi bila mshahara.

Minye pia nimechoka. Lakini leo motokari yangu imetembea, na lazima niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Ukweli kwanza: ilikufa njaa. Mafuta siku hizi yanauzwa kwa chupa kando ya barabara kama pombe, na pombe ni rahisi zaidi. Basi motokari ikabaki uani, na mke wangu, Mama Ngalula, akaanza kuanika muhogo juu ya paa ya hiyo motokari. Bati linashika moto vizuri, kuku hawafiki. Muhogo huo ndio unga wetu.

Wiki iliyopita akaniambia amesikilizana na Mumba, fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa. Ataikata motokari vipande, atulipe magunia mawili ya mahindi. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi.

“Jumamosi itafanya nini?”

“Itatembea na jua.”

Akanitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka. “Weye muzee, kichwa yako iko muzima?”

Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Lakini redio nasikia. Huko ng'ambo kuna motokari zinazokula jua, zinashindana mbio jangwani. Nikawaza: jua tunalo sisi, shaba tunayo sisi, hata njaa tunayo sisi. Mbona mbio wanakimbia wao? Tena jua ndiyo mali peke yake ambayo hakuna aliyekuja kuipora.

Mchungaji jirani akaniazima pano yake ya kukamata jua, ile inayopigisha kelele vipaza sauti vya kanisa. Chini kuna mbuzi na wezi, kwa hiyo pano ilitaka paa. Na paa ilikuwa na muhogo.

Wiki nzima tumegombea jua, watu wazima wawili. Nikiweka pano, nikigeuka, imesukumwa pembeni. Siku moja nilikuta muhogo umelala juu ya pano yenyewe. “Si weye ulisema inapendaka moto?”

Mwisho nikashinda. Muhogo ukaingia kivulini, ukaanza kuota ukungu mweusi. Hilo sikulisema kwa mtu.

Leo jioni majirani wakajaa uani. Mumba naye alifika na mkokoteni wake na magunia yake, akasimama mlangoni pa ua kama muntu wa kungoja maiti. Mama Ngalula akapanda kiti cha nyuma cha motokari, kidevu juu, kama mke wa mukubwa kabisa. Mpango wangu ulikuwa mdogo: batri iliyoshiba jua izungushe demareri, kile kimota cha kuwashia injini, na demareri isukume motokari ikiwa kwenye gia, vitesi ya kwanza. Nikageuza ufunguo.

Ikatembea!

Iliruka kama chura, ikapumua, ikaruka tena. Nyuma yangu nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu mishahara ikatike. Mama Ngalula anacheka.

“Shofere! Tupitie kwanza Kapolowe, tukamate mboga!”

Tulipofika mlangoni pa ua, ikafa. Nikageuza tena. Tik. Tik.

Mumba akavua kofia. “Aksanti mingi, muzee. Nilikuwa najiuliza tutaisukuma namna gani mpaka hapa. Umenisaidia kazi.”

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na minye nikacheka, ningefanya nini?

Mama Ngalula akashuka, akajipangusa machozi ya kicheko. “Kata yote, Mumba. Lakini paa unaniachia.”

Usiku huu tumekula bukari, ugali wa mahindi. Nimeshindwa nikiwa nimeshiba. Kuna walioshindwa vibaya zaidi.

Zile motokari za jua zitakuja, naamini. Mjukuu wa mtu fulani ataendesha moja, na ndani yake mtakuwa na udongo wetu, huu wa shaba. Sijui kama itapita Likasi. Minye nitakuwa nimelala.

Paa tutaiweka juu ya matofali. Nikifikiri vizuri, vyuma vingine vyote vya ile motokari vilikuwa vinangoja mafuta. Paa peke yake imekula jua muda huu wote, ikatulisha.

Jua likitoka nitaanika muhogo mwenyewe. Nitaanza kwa kuparua ule ulioota ukungu.