Shemeji Hatofautishi Uzi Mwekundu na wa Kijani

Mpendwa shangazi mshauri, naomba unisikilize maana nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa minara ya simu, miaka yote nimefanya kazi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye juu ya mnara ule na mimi juu ya huu, tunageuza madishi mpaka yaonane, "vuta kidogo shemeji, hapo hapo, kaza!", lakini mtandao mpya ukaja na mzigo ambao madishi hayauwezi, kampuni ikaleta nyaya za faiba, ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, kila uzi na rangi yake, na shemeji hatofautishi nyekundu na kijani, siri hiyo tunaijua mimi na dada yake tu, kwenye mafunzo nikawa namnong'oneza rangi, akafaulu, tukacheka sana, kisha tukapangiwa zamu tofauti.

Juzi akiwa peke yake alikata uzi wa kijani uliokuwa kazini, akidhani ndio mwekundu alioagizwa kuukata, minara ya mtaani kwetu ikazimika, na siku hiyo hiyo jirani yetu akashikwa na uchungu, mumewe akapiga simu ya gari la wagonjwa weee, haikushika, tukamsukuma yule mama kwa mkokoteni hadi hospitali, shangazi, mtoto hakulia. Shemeji anamwambia bosi mkono uliteleza, mke wangu anasema nikimtaja kaka yake nisirudi nyumbani. Nikimsikia yule mama akifagia uwanja wake naziba masikio. Nimekwisha. Nifanye nini?

Fundi wa Minara

Mwanangu, pole, ila pole ya kwanza ni ya huyo mama. Sasa nikuseme. Mlicheka nini? Ulimsaidia mtu kupata kazi asiyoweza kuiona, ukaita huo undugu. Mkeo ana haki ya kumlilia kaka yake, hana haki ya kukufunga mdomo. Na sikudanganyi: hakuna utakachofanya kitakachomrudisha yule mtoto, na huenda jirani asikusamehe kamwe. Usimwendee kabla hujasema ukweli kazini.

Shemeji aende kwa bosi mwenyewe, nawe uwe pembeni yake useme ulivyomnong'oneza. Aombe kurudi kwenye madishi, vilimani ambako faiba haijafika bado wanahitaji wapandaji. Akikataa, nenda peke yako, hata kama mtafukuzwa wote wawili. Mpaka hapo asiguse waya. Yuko zamu sasa hivi? Basi weka gazeti hili chini umpigie. Simu isiposhika, unajua maana yake. Nenda kwa miguu.