Pauni Iliyofutika Upande Mmoja

Thornhill, Toronto

Dada Shirin,

Najua hukutarajia salamu za mke aliyekuja baada yako. Theluji imeyeyuka, na Murtaza hajambo.

Siku ya ndoa yetu, mwaka jana, alinivisha shingoni pauni ya dhahabu, sarafu ya kale yenye kichwa cha Malkia Viktoria upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili. Alisema bibi yake mzaa baba aliiweka sandukuni, haijapata kuvaliwa na mtu. Jana sonara aliitazama, akacheka: "Hii imevaliwa miaka mingi, mama. Mpanda farasi wa upande wa nje bado anang'aa, lakini malkia amefutika pua kwa kusuguana na kifua cha mtu."

Kifua chako, Shirin. Cha nani mwingine?

Nakurudishia, na usinishukuru. Murtaza akisinzia huishika shingoni mwangu. Nilidhani ananishika mimi.

Tahera