Maabara Iko Mfukoni

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Wanao hawajambo? Sisi wazima, ila roho yangu haijatulia, na leo sikufichi kitu.

Ulipokuja kutufundisha walimu wa sayansi kutumia intaneti darasani, nilijivuna. Niliwaambia wenzangu, yule mwenye shati la bluu nimembeba mgongoni. Mtandao wenyewe uligoma, wewe ukatuonyesha video ulizokuja nazo, tukabonyeza, tukapiga makofi. Haya. Lakini nini kilikutuma kumwambia mkuu wetu wa shule, "Maabara sasa iko mfukoni"? Mwenzio hajui mzaha! Jumatatu nimekuta bureti zetu za kioo za kupimia na chupa za asidi zimefungiwa stoo, meza zimetolewa, chumba kimetandikwa zulia na mlangoni kuna bango: Chumba cha Intaneti. Intaneti yenyewe hakuna. Nikiuliza, naambiwa mtaalamu ndiye kasema. Mtaalamu ni wewe!

Watoto wangu wa kidato cha nne wana mtihani wa vitendo Oktoba. Watapewa bureti mkononi, si simu. Mwandikie mkuu mistari miwili tu, kwamba alikuelewa vibaya.

Dada yako

20 Februari

Shikamoo dada,

Habari za hapo? Shemeji anaendeleaje na mgongo? Huku tunamshukuru Mungu.

Dada, ule ulikuwa msemo tu wa kuchangamsha ukumbi. Ila kumwandikia sasa ni vigumu. Shule yenu imeingia kwenye ripoti ya mradi wetu wa intaneti kama shule ya mfano, na wafadhili wamekipenda mno hicho chumba chenye zulia. Nikisema maabara irudi, nimejichimbia kaburi, na mkataba wangu unaisha Juni. Nivumilie mpaka hapo. Kwa sasa waonyeshe watoto video, picha zake ni safi kuliko hata vifaa vyenu.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Wazima huko? Huku wazima.

Picha safi! Una haya kweli wewe? Sikatai intaneti, usinisingizie. Video ya atomi niliyowaonyesha iliamsha hata wale wa nyuma wanaosinzia. Lakini kushika koki ya bureti, asidi idondoke tone kwa tone, ufunge mara tu rangi inapogeuka, hiyo ni kazi ya vidole. Nimemwendea mkuu tena na tena. Juzi kanijibu mbele ya walimu wote, "Mwalimu, mdogo wako amekuacha nyuma." Nilienda kulia chooni kwa hasira. Mkataba ni wako, lakini hawa ni watoto wa watu. Andika!

Dada yako

2 Julai

Shikamoo dada,

Hamjambo? Nisamehe kwa kimya. Barua zako za Aprili na Mei nilizipata zote.

Mkataba umeongezwa, nimepewa mkoa mzima! Sasa nina nguvu ya kusema. Septemba nitapita huko mwenyewe, niongee na mkuu ana kwa ana, maana mambo haya hayafai kuandikwa. Mama anasema hutaki kunisikia hata kwenye simu. Dada, hasira hasara.

Mdogo wako

29 Oktoba

Wewe,

Septemba imepita. Hukuja.

Mtihani wa vitendo ulikuwa jana. Mkuu alifungua stoo asubuhi hiyo hiyo, akazipanga bureti juu ya meza za kuazima, zulia likiwa chini. Mimi niliruhusiwa kuwamo ili kuongeza asidi tu, marufuku kufungua mdomo. Yule binti wa mbele, anayepiga hesabu zote za asidi kwa kichwa, alifungua koki, asidi ikamwagika yote. Nikamwongezea. Ikamwagika tena. Akaishika bureti kwa mikono miwili, akanigeukia, akauliza kwa sauti, "Mwalimu, nibonyeze wapi?"

Hakuna aliyecheka, maana hata wenzake walikuwa wanasubiri jibu.

Mimi sikuruhusiwa kumjibu. Njoo umjibu wewe. Na kabla hujamjibu, mlangoni kwangu usipige hodi.

Mwalimu wa Kemia