Aliyeandika Kama Kaka

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi kwenye ngazi. Shemeji na watoto nao nawasalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Chumba chetu cha kazi juu ya duka la fundi cherehani kipo vilevile, na kiti cha Kaka sijakisogeza, ingawa fundi ameshanishauri nikigeuzie ukutani nisiwe nakitazama.

Uliniuliza kwa simu kwa nini kazi ya rafiki yako, mwenye duka la dawa, haijaisha. Nikakujibu kwa mkato kwamba bado nachagua zana. Haukuwa uongo, ila haikuwa habari yote.

Unajua tulivyokuwa kwenye kazi yetu ya kuandika programu za kompyuta. Kaka alifanya kila kitu kwenye lile dirisha jeusi la skrini, akiandika amri kwa mkono, bila picha wala vitufe. Mimi natumia kihariri, programu ya kuandikia yenye rangi na menyu, inayonikumbusha ninachosahau. Aliniita Mzee wa Kubofya, akasema siku kipanya changu kikifa nitaomba likizo ya msiba. Nami nikamwambia anavyogonga amri zake, utadhani anagombana na karani. Tulicheka, kila mtu akarudi kwenye njia yake, na kazi ikaenda.

Alipotutoka, niliachiwa programu ya duka la dawa ambayo nusu yake aliijua yeye tu. Rafiki yako alitaka imwonye muda wa dawa unapokaribia kwisha. Nilijaribu kwa kihariri changu, nikapotea. Nikafungua dirisha jeusi, nikabaki nalitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Ndipo nikachukua wakala. Huyu, Dada, ni programu ya akili bandia: unamweleza kwa maneno ya kawaida unachotaka, naye anasoma kazi yote, anaandika, anajaribu, kisha anakuletea ukague. Alinifaa kweli.

Sasa, kila tunapohifadhi mabadiliko huwa tunaandika mstari mmoja kueleza tulichofanya. Mistari ya Kaka unaweza kuikisia, utani wake wote umo humo. Mmoja ulisema hesabu imerekebishwa, aliyeiharibu anajulikana ila tumemsitiri. Nilimwambia wakala aisome yote na aandike kwa mtindo huohuo, ili kumbukumbu za kazi zifanane. Mabadiliko ya kwanza aliyoleta yalikuja na mstari uliosema rafu zimepangwa upya, Mzee wa Kubofya asiguse.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi mpaka fundi akauliza kama kuna mtu kafungiwa nje.

Hapa, Dada, nakuomba unisikilize bila kukasirika. Lile onyo la dawa lilibakiza kazi ya siku moja tu. Sikulimalizia. Nilianza kumpa wakala kazi zisizo na maana, abadilishe jina hili, alirudishe, apange upya kilichokwisha kupangwa, ili tu nipate mstari mwingine wa kusoma. Ilipita wiki, ikapita nyingine. Kumbe rafiki yako, na mgongo ule wake, anapekua maboksi kwa mkono akitafuta tarehe. Majuzi akanipigia, akaniambia kwa upole: mwanangu, nakuvumilia kwa ajili ya msiba, ila nikipata mtu mwingine usinilaumu.

Siku hiyohiyo wakala alikosea tarehe. Nilipomwonyesha, akaandika kwamba samahani, amekosea, amerekebisha. Dada, Kaka aliomba samahani lini? Angesema feni ndiyo iliyopeperusha namba. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanigeuka. Niliyekuwa nikimsubiri hayumo mle.

Onyo nimelimaliza jana. Wakala anaandika, mimi nakagua kwenye kihariri changu, na jaribio la mwisho nalifanya kwenye dirisha jeusi, polepole, kwa amri chache nilizojifunza. Wakala nimemwambia aandike kwa namna yake mwenyewe. Rafiki yako nilimfuata dukani kumwomba radhi. Alipokea, lakini hakusema kama atabaki nami. Tafadhali usimbembeleze kwa niaba yangu.

Ukija, naomba unisimulie Kaka alivyokuwa kabla sijazaliwa. Hayo hakuyaandika popote, nami sikuwahi kumuuliza.

Wafikishie wote salamu zangu, na wewe upokee mapenzi yangu yasiyopungua.

Mdogo wako,
Kitindamimba